Mfano wa chumba cha Four Seasons: shajara ya mradi

Wiki ya 1

Kazi imeanza rasmi leo, na daftari hili linaanza nayo. Tunatengeneza mfano wa chumba kimoja cha mgahawa wa Four Seasons wa New York, kile chenye bwawa katikati, ili wanafunzi wangu wa huduma ya chakula wasimulie kwa mfano huo jinsi mgahawa ule ulivyofunguliwa mwaka 1959, ukapendwa, ukafungwa 2016, ukahamishiwa mahali pengine, ukafungwa tena 2019. Maonyesho ya chuo ni mwisho wa muhula, zimebaki wiki 11. Tuna meza moja ya karakana, shilingi 180,000 na wanafunzi 9 waliokubali kubaki baada ya vipindi.

Kwa nini mgahawa wa mbali hivyo? Kabla ya kufundisha nilihudumu miaka 17 katika mgahawa mmoja wa kifahari hapa Dar es Salaam. Nao ulifungwa. Sisi wafanyakazi tuliambiwa zikiwa zimebaki siku 4. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta kisa cha mgahawa uliokufa hadharani, wenye tarehe na karatasi zinazojulikana, kwa sababu wetu ulikufa kimya na kila mtu ana simulizi yake. Huu wa New York una kumbukumbu zote. Ukiusoma vizuri unaona ni siku gani hasa jambo lilikwenda kombo, na mara nyingi si siku ambayo wenyewe walidhani.

Swali la kwanza la darasa: "Madam, hii si ile hoteli ya Serengeti?" Wote walikuwa wanawaza hivyo. Ile ni kampuni ya hoteli iliyoanzia Toronto, ilifungua hoteli yake ya kwanza mwaka 1961. Mgahawa wa New York haukuwa wa kampuni hiyo, na ulitangulia kuwa na jina hilo. Nimeliandika ubaoni, na litakuwa jambo la kwanza kwenye maelezo ya maonyesho, maana kila mgeni atauliza.

Wiki ya 2

Vipimo. Dari ya chumba ilikuwa na urefu wa futi 20. Bwawa la marumaru nyeupe lilikuwa futi 20 kwa 20. Nikachukua kipimo cha 1 kwa 20, kwa hiyo futi 20 za kule ni futi 1 mezani kwetu. Bwawa la futi moja, dari ya futi moja. Wanafunzi walifurahi kwamba hesabu imekuwa nyepesi, nami nikafurahi zaidi.

Nilikwenda Keko kwa fundi seremala aliyenitengenezea kabati miaka ile. Nimemwonyesha picha. Kuta za chumba cha pili cha mgahawa, chumba cha baa na nyama za kuchoma, zilifunikwa kwa mbao za jozi kutoka Ufaransa, na ukuta mmoja utakaoonekana upande wa kushoto wa mfano wetu lazima uwe na rangi hiyo. Fundi akasema mabaki ya mninga yatafaa, na hayana bei. Akauliza, "Dada, hiki chumba watu walikuwa wanakula au wanaswali?" Nikamwambia wanakula. Akaitazama tena ile picha kimya.

Alichokiona fundi ndicho walichokusudia wenyewe. Jengo ni la kampuni ya vinywaji ya Seagram, lilikamilika 1958, limechorwa na Ludwig Mies van der Rohe akishirikiana na Philip Johnson. Mies alichaguliwa kwa sababu binti wa mwenye kampuni, Phyllis Lambert, alimshikilia baba yake asijenge jengo la hovyo. Mgahawa wa chini alipewa Johnson kuuchora. Uligharimu dola milioni 4.5 za wakati ule, na ulitajwa kuwa mgahawa uliojengwa kwa gharama kubwa kuliko wowote. Vyombo vya mezani, zaidi ya aina 100, vilibuniwa kwa ajili yake tu na Garth Huxtable na mkewe Ada Louise, ambaye baadaye alikuwa mhakiki mkubwa wa majengo katika magazeti ya Marekani.

Nimewasimulia haya wanafunzi huku wakikata kadibodi. Yule anayekaa nyuma kabisa akasema kwamba basi mgahawa wenyewe ulikuwa wa tajiri mwenye jengo, si wa mpishi. Nimeliandika hapa kwa sababu amegusa penyewe mapema kuliko nilivyotarajia. Mwaka 1959 mwenye jengo na mwenye hamu ya kuuona mgahawa ukidumu walikuwa mtu mmoja.

Wiki ya 3

Mvua siku 3 mfululizo. Gundi haikauki. Karakana inavuja upande wa dirishani, tumehamisha meza.

Wiki ya 3, Ijumaa

Leo tumefanya kazi ya jina. Four Seasons kwa Kiswahili ni majira manne, na wanafunzi wakaanza kuyataja bila kufikiri: masika, kipupwe, vuli, kiangazi. Nikawasimamisha. Majira ya New York si haya. Wao wana wakati wa machipukizi, wa joto, wa majani kupukutika na wa theluji. Lakini wazo lenyewe lilitua haraka kwa sababu mtu wa pwani anajua kwamba samaki wa kaskazi si samaki wa kusi. Kusi ikivuma bahari inachafuka, mashua zinabaki ufukweni, na bei sokoni inapanda. Menyu isiyojua upepo ni menyu ya uongo.

Aliyeujenga mgahawa ule kama wazo ni Joseph Baum, wa kampuni ya Restaurant Associates. Wakati ule mgahawa wa kifahari New York maana yake ulikuwa mgahawa wa Kifaransa, menyu ya Kifaransa, na mgeni akijisikia mshamba asipoweza kuisoma. Baum akaandika menyu kwa Kiingereza, akaifanya ibadilike kila majira, akamchukua James Beard, mwandishi maarufu wa vitabu vya mapishi, kuwa mshauri. Vyakula vya shambani vya nchi yao wenyewe vikapewa meza ya heshima. Na haikuishia jikoni. Miti kwenye pembe nne za bwawa ilibadilishwa mara nne kwa mwaka, sare za wahudumu zilibadilishwa, hata utepe wa taipureta iliyochapa menyu ulibadilishwa rangi.

Jambo hili linanigusa sana. Katika miaka yangu yote ya kuhudumu, wamiliki walitaka wageni waonyeshwe kwamba tuko Ulaya. Kamba kochi na pweza vilivyotoka mita 300 kutoka mlangoni vilipewa majina ya Kifaransa ambayo mpishi mkuu mwenyewe, mzee wa Bagamoyo, aliyatamka kwa shida. Alikuwa akinong'ona, "Mwanangu, huyu si pweza? Kwa nini tumfiche?"

Nimewapa wanafunzi kazi ya nyumbani: waandike menyu ya chumba hiki kama kingekuwa Dar, kurasa nne, kwa kusi na kaskazi, masika na vuli.

Wiki ya 4

Menyu zimerudi. Mbili nzuri sana. Moja imeweka kisamvu na pweza wa nazi kwenye masika na kueleza kwa nini. Tutaziweka kando ya mfano.

Bwawa limekwama. Nilitaka maji ya kweli. Yakavuja kwenye kadibodi, sakafu ikavimba, siku mbili za kazi zimepotea. Fundi wa vioo akanikatia kioo cha futi moja kwa shilingi 9,000, tumekipaka rangi ya buluu nyepesi upande wa chini. Si maji, ila taa ikiwaka juu yake kinatikisa mwanga ukutani, na hilo ndilo nililolitaka.

Wiki ya 5

Wiki nzima ya mapazia.

Madirisha ya chumba kile yalikuwa marefu kutoka sakafuni hadi darini, na badala ya kitambaa msanii Marie Nichols alitundika mikufu myembamba ya shaba na alumini, safu juu ya safu, ikining'inia kwa mikunjo. Hewa ya matundu ya chini ilipopanda, mikufu yote ikaanza kutembea, mawimbi yakipanda dirishani mchana kutwa. Inasemekana hakuna aliyeyapanga mawimbi yale, yalijitokeza tu mgahawa ulipofunguliwa. Wageni walioingia mara ya kwanza walikaa wakiyatazama wakasahau menyu.

Tulianza na mikufu ya vito bandia kutoka Kariakoo, mizito mno, haitikisiki. Jaribio la pili, uzi wa dhahabu wa kushonea magauni ya harusi, mwepesi mno, unajifunga mafundo. Jaribio la tatu, vijinyororo vya vipuli, vya duka la jumla Mtaa wa Kongo, pakiti 12 kwa shilingi 36,000. Feni ya kompyuta mbovu tumeificha chini ya kizingiti cha dirisha. Jana saa 11 jioni mwanafunzi mmoja aliiwasha, mikufu ikapumua. Karakana nzima ikanyamaza. Sijui niseme nini zaidi. Nimefundisha miaka 6 na sijawahi kuona vijana 9 wakiangalia dirisha la futi moja namna ile.

Fedha zilizobaki: 71,000.

Wiki ya 6

Pazia la Picasso.

Kati ya vyumba viwili vya mgahawa palikuwa na ujia, na kwenye ukuta wa ujia huo ilitundikwa kazi kubwa ya Pablo Picasso, pazia la jukwaa alilolichora mwaka 1919 kwa mchezo wa dansi ulioitwa Le Tricorne. Ukubwa wake ni takribani futi 19 kwa 20, kwa hiyo kwetu ni kipande cha kitambaa kisichofika futi moja. Linaonyesha watu waliokuja kutazama mchezo wa fahali. Mwanafunzi anayetoka Pemba ndiye aliyelichora upya kwenye shuka ya pamba. Alipoiona picha alisema, "Madam, huu si mchezo wa ng'ombe wa kwetu?" Akasimulia jinsi unavyochezwa kwao, uwanja, ngoma, wanawake wakiimba pembeni. Amechora watazamaji wake wakiwa na kanga. Nilifikiri nimrekebishe, nikaacha. Pazia la mfano wetu lina kanga.

Kulikuwa na mchoraji mwingine. Mark Rothko alipewa kazi mwaka 1958 ya kuchora picha za ukutani kwa chumba kimoja cha mgahawa huu, kwa dola 35,000. Akachora picha nyingi kubwa za rangi nzito za damu ya mzee na kahawia. Mwaka 1959 akaenda na mkewe kula pale, akarudi nyumbani, akaamua kwamba picha zake hazitatundikwa mahali kama pale, akarudisha fedha. Baadhi ya picha hizo alizitoa kwa jumba la Tate la London, na zilifika siku aliyokufa, 25 Februari 1970.

Wanafunzi walibishana saa nzima. Wengi walimwona Rothko ana kiburi. Msichana mmoja anayefanya kazi za usiku kwenye hoteli ya ufukweni akasema anamwelewa kabisa, kwamba kuna meza ambazo ukizihudumia unajiuliza kama wanaokula wanakuona. Nami ninazikumbuka meza hizo. Lakini ninakumbuka pia mzee mmoja na mkewe waliokuja kwetu kila mwaka tarehe ya ndoa yao, na mwaka aliokuja peke yake, na namna mpishi mkuu alivyotoka jikoni mwenyewe akakaa naye. Kwa ajili ya meza kama hiyo sikubaliani na Rothko.

Wiki ya 7

Tumefika kwenye sehemu iliyonifanya nianze mradi huu: nani alikuwa mwenye jengo, na lini.

Nimeiandika kwenye karatasi ndefu tutakayoibandika mbele ya meza. Mwaka 1959 jengo ni la Seagram na mgahawa ni fahari ya Seagram. Katikati ya miaka ya 1970 Restaurant Associates imeuachia, wameuchukua Paul Kovi na Tom Margittai, na hao ndio waliouinua tena hadi jarida la Esquire mwaka 1979 likaandika kuhusu wakubwa wanaokula pale mchana, wachapishaji, wakuu wa benki, wanasiasa, kila mtu na meza yake. Mwaka 1980 Seagram inauza jengo kwa mfuko wa pensheni wa walimu, TIAA. Wanafunzi walicheka waliposikia walimu, lakini mfuko ule ulikuwa mwenye nyumba mwema. Mwaka 1989 ndani ya mgahawa pakatangazwa kuwa urithi wa jiji unaolindwa na sheria. Mwaka 1995 wamiliki wa mgahawa wanabadilika tena. Na mwaka 2000 jengo linanunuliwa na kampuni ya Aby Rosen, mfanyabiashara wa majengo, kwa dola milioni 375.

Hapo nimechora mstari mwekundu. Si kwamba Rosen alifanya kosa la kisheria. Alinunua jengo, akataka jengo limlipe. Mgahawa ulikuwa unalipa kodi ya pango iliyo chini sana ya bei ya mtaa ule, chini ya mkataba wenye tarehe ya kwisha, Julai 2016. Kuanzia siku ile ya mwaka 2000, kila chakula cha mchana kilichopakuliwa kilikuwa kinahesabu siku kuelekea tarehe hiyo. Miaka 16. Na chumba kilikuwa kimejaa.

Kwetu ilikuwa hivyohivyo. Jengo letu liliuzwa miaka 5 kabla ya sisi kufunga. Tuliwapelekea wenye jengo wapya keki. Mimi mwenyewe niliibeba. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mkataba wa pango unaisha lini, na mwajiri wetu aliyejua hakusema. Ningekuwa nimejua ningemwambia yule mpishi mzee asichukue mkopo wa kujenga.

Wiki ya 8

Hakuna kazi. Mitihani ya katikati ya muhula.

Wiki ya 9

Sasa tunafanya mazoezi ya kusimulia, na mfano wenyewe ndio unaoigiza. Wazo ni kwamba msimulizi anasoma mwaka, na mwanafunzi mwingine anaondoa kitu mezani. Mtazamaji aone chumba kinavyopungua.

Kitu cha kwanza kuondoka ni pazia la Picasso. Mwaka 2014 mwenye jengo alisema ukuta nyuma yake una hitilafu na lazima litolewe. Pazia lilikuwa mali ya shirika la kuhifadhi majengo la New York, nalo likaenda mahakamani kupinga. Mwishowe wakaelewana, na Septemba 2014 pazia likashushwa, likaviringishwa, likapelekwa jumba la makumbusho la New-York Historical Society. Sheria ya urithi haikulizuia kwa sababu halikuwa sehemu ya jengo, lilining'inizwa tu.

Wanafunzi hawakulielewa hili mara moja, ikabidi tusimame. Sheria ilikuwa inalinda nini hasa? Kuta, mbao, bwawa, mikufu ya madirishani, na vijiti vya shaba vya mchongaji Richard Lippold vilivyoning'inia juu ya baa. Mwaka 2015 Rosen alipotaka kubadilisha vitu ndani, tume ya urithi ya jiji ilikataa sehemu kubwa ya maombi yake, na Phyllis Lambert, akiwa na miaka 88, alikuwa miongoni mwa waliopinga mabadiliko. Kwa upande wa chumba, ushindi. Lakini sheria haikumtaja mpishi wala mhudumu aliyejua kwamba bwana fulani hapendi kukaa ameupa mlango mgongo. Haikutaja viti. Haikusema kwamba lazima watu wale wale waendelee kupika humo. Chumba kilikuwa salama, mgahawa haukuwa.

Nimemwomba kijana wa nyuma aandike kipande hiki cha maelezo yeye mwenyewe, kwa maneno yake. Amekiandika kwa sentensi 4. Sikugusa hata moja.

Wiki ya 9, Jumamosi

Fundi amemaliza viti 24. Kila kimoja kina upana wa kidole gumba. Amekataa kupokea malipo yote, amesema atachukua nusu na nusu nyingine akiviona kwenye maonyesho.

Wiki ya 10

Mazoezi ya mnada. Chakula cha mwisho kilipakuliwa 16 Julai 2016, na siku 10 baadaye, 26 Julai, mnada ulifanyika palepale chumbani. Kampuni ya mnada ya Wright iliuza viti, meza, masufuria, vijiko, vibakuli vya majivu. Kibao cha jina peke yake kiliuzwa dola 96,000. Jumla ilikuwa takribani dola milioni 4.1.

Mwanafunzi aliyepewa kuwa dalali ana sauti ya soko la samaki Feri, na mwanzoni ilikuwa burudani. Anapaza bei, wenzake wanachukua viti kimoja kimoja kutoka kwenye mfano. Baada ya kiti cha kumi hivi wakaanza kuvichukua polepole. Yule msichana wa kazi za usiku alikishika chake mkononi hakukiweka kwenye sanduku. Nikaahirisha mazoezi dakika 10, tukanywa chai.

Niliwasimulia jambo moja ambalo sikupanga kulisimulia. Siku ya mwisho kwetu, mwajiri alituambia kila mtu anaweza kuchukua kitu kimoja kama kumbukumbu, kisicho cha thamani kubwa. Watu walichukua sahani, wengine glasi. Mpishi mkuu alichukua mwiko. Mimi nilichukua daftari la maagizo ya awali la mwaka wa mwisho, majina ya wageni na saa zao. Nilidhani nitalisoma. Bado limefungwa kwa kitambaa, liko kabatini.

Wiki ya 10, Alhamisi

Kuna mjadala kuhusu sehemu ya mwisho, na nataka kuandika pande zote mbili kwa sababu bado unaniwasha.

Agosti 2018 wamiliki walifungua upya Four Seasons mitaa michache tu kutoka pale pa zamani, Mtaa wa 49 Mashariki. Mchoraji wa jengo alikuwa Isay Weinfeld kutoka Brazil, na gharama ilizidi dola milioni 30. Ulifungwa 11 Juni 2019, haujatimiza miezi 10. Mgahawa ulioishi miaka 57 mahali pamoja ulishindwa kuishi mwaka mmoja mahali pengine.

Wanafunzi wengi wanataka tusimulie kwamba mahali ndipo palipokuwa mgahawa, kwamba ukiung'oa mbuyu hauoti tena. Ni simulizi nzuri kwa maonyesho. Lakini haitoshi, na nimewakatalia. Kuna jambo wasilolipenda kulitaja: mmoja wa wamiliki alikiri mahakamani mwaka 2016 kosa la kumshambulia mwanamke, na akaondoka kwenye mgahawa mpya Desemba 2018 baada ya shutuma nyingine kuibuka. Watu waliokuwa wakija miaka 30 walianza kuona aibu kuja. Na wengi wa wale wa mwaka 1979 walikuwa wamezeeka, na vijana waliorithi ofisi zao hawali chakula cha mchana kinachochukua muda wa saa mbili. Mwenye jengo anabeba sehemu. Wenye mgahawa wanabeba sehemu. Nikiweka lawama yote kwenye kodi ya pango nitakuwa nawafundisha wahudumu wachanga kwamba tabia ya bosi haihusiani na maisha ya nyumba, na hilo si kweli. Wasichana darasani wanalijua kuliko mimi.

Mwanafunzi mmoja akauliza kama sehemu hiyo itawekwa mbele ya wageni wa chuo, maana wengine ni wenye mahoteli. Nimesema itawekwa.

Wiki ya 11, Jumatatu

Sanduku la pili liko tayari. Ni mgahawa mpya wa 2018: kadibodi nyeupe, taa, viti 8 vipya, hakuna bwawa. Linaingia mezani kwenye simulizi, linakaa kwa muda wa pumzi chache, linatolewa. Chumba cha kwanza kinabaki palepale, kitupu, mikufu ikitembea. Kisha msimulizi anasema kwamba mwaka 2017 chumba kile kilipata wapishi wengine na jina lingine, The Grill kwa upande wa baa, na watu wakaanza kula tena chini ya dari ileile. Mwanafunzi anarudisha viti vichache. Si vile vya fundi wa Keko. Ni vya rangi nyingine.

Nilitaka tuishie kwenye chumba kitupu. Wao wakataka viti virudi, kwa sababu ndivyo ilivyotokea. Wako sahihi.

Wiki ya 11, Ijumaa, usiku

Maonyesho yamefanyika. Watu walisimama mbele ya meza yetu kwa zamu mara 6, kila zamu dakika 14. Feni ilikwama zamu ya tatu, mwanafunzi akapuliza mikufu kwa kipande cha kadibodi hadi mwisho, hakuna aliyegundua. Wageni 3 tofauti waliuliza kuhusu Serengeti, pamoja na maelezo kuwa ya kwanza kabisa.

Fundi alikuja na mkewe, wamevaa vizuri. Alivitazama viti vyake vikiuzwa kwenye mnada, akahesabu kwa mdomo. Baadaye akaniambia mguu wa kiti cha kumi na nane umelegea, atakuja Jumatatu na gundi.

Yule mpishi mzee wa Bagamoyo nilimwalika kwa simu, sikutegemea angefika. Alifika zamu ya mwisho. Alisoma menyu ya masika ya wanafunzi kwa sauti, pole pole, mpaka kwenye pweza wa nazi. Akaniuliza nani ameiandika. Nikamwita msichana. Akamshika mkono, akamuuliza anamlainisha vipi pweza, wakaondoka pamoja kuelekea jikoni la chuo wakibishana kama apigwe kwanza au achemshwe tu.

Fedha zilizobaki: 4,500. Deni kwa fundi: nusu ya viti. Mfano unakaa karakana mpaka likizo, kisha sijapata mahali. Kesho nalitoa lile daftari la maagizo kabatini. Msichana wa kazi za usiku ameomba alione.